Chini ya Mwarobaini

Sheria ilipotaka kila mmea wa kigeni uondoke uani, Bi Saumu hakufanya ajizi. Aling'oa mwarobaini wake mkubwa, akauchoma pamoja na mizizi na udongo wake, akapanda migunga. Ndege wakarudi kusuka viota, majirani wakamwonea gere.

Leo mkaguzi aliupitisha mtambo wake kila pembe, akatabasamu.

“Hongera, mama. Hapa hamna mti wa kigeni hata mmoja. Sasa tunaingia kwa watu. Asiyezikwa kitovu hapa atahama. Cha binti yako kiko wapi, tukipime?”

Bi Saumu aligeuka kuitazama migunga yake.

Chausiku, bintiye, alitua ndoo akicheka. “Mama naye! Si ulikizika chini ya mwarobaini? Mwonyeshe ulipokuwa.”