Ua la Bamia

Sikudhani alikata bamia, akaichovya kwenye wino wa zambarau, akaigonga juu ya kadi iliyokuwa mezani. Likatokea ua la pembe tano. Akaigonga tena pembeni bila kuchovya, likatokea ua jingine, hafifu, kama kivuli cha lile la kwanza.

Kadi arobaini za harusi zilikuwa zimeanikwa kambani. Mlangoni alisimama dada yake Mwanakheri, mama wa bibi harusi. Hawakuwa wamesemezana tangu walipogombania nyumba ya marehemu mama yao. Katika orodha ya waalikwa arobaini, jina la Sikudhani halikuwemo.

“Ningepata fundi mwingine mjini hapa, usingeniona,” alisema Mwanakheri.

“Karibu, dada. Zimeshakauka.”

Mwanakheri akaigusa kadi moja. “Nani kakufundisha kugonga mara mbili?”

“Umesahau? Si ndivyo mama alivyotupambia ukuta wa jikoni?”

“Nawe ukazitafuna hizo bamia, na wino wake.”

“Ukakimbia kunisemea kwa mama.”

Mwanakheri alitaka kucheka, akajizuia. Akaanza kuzianua kadi, moja moja, mpaka kamba ikabaki tupu. Kisha akaiona ile ya mezani.

“Na hii?”

“Ya akiba. Pengine mtakosea jina.”

Mwanakheri aliitazama kwa muda, akavuta kiti.

“Nipe kalamu.”

Sikudhani alimpa, akageuka kuikunja kamba taratibu, akisikia nyuma yake ncha ya kalamu ikikwaruza karatasi.