Rangi Namba Tisa

Jumatatu, tarehe tatu Machi, meneja alisimama nyuma ya kiti cha Mbaraka, mchoraji wa michezo ya kompyuta.

"Mzee, wakubwa wameamua. Namba tisa iwe kijani, ya mazimwi."

Mchezo ulibeba rangi kumi na sita tu. Ukigeuza namba moja, kila kilichopakwa kwa namba hiyo kinageuka. Namba tisa ilikuwa maji ya kunde, ngozi ya mwanamke wa kisimani mle mchezoni. Mbaraka aliuchora uso huo wodini, akimtazama mkewe, wiki yake ya mwisho.

"Hiyo ngozi ya mke wangu Mwanaisha, bosi. Picha yake nyingine sina."

"Marehemu hanunui michezo, babu. Geuza."

Akageuza. Mwanaisha akawa kijani kibichi, bado anatabasamu.

Meneja akainamia kioo, akacheka.

"Na hili zimwi jike umelitoa wapi?"