Mdomo wa Kulwa

"Huyo unayemchora ni mimi," alisema Doto. "Shati hilo ni langu."

"Nililiazima siku ya Idi." Kulwa hakuinua kalamu kwenye kishikwambi. Alikuwa akichora juu ya picha ya mmoja wao iliyopigwa siku hiyo, na uso ulikuwa karibu kukamilika. Chuo cha sanaa kilitaka kila mwombaji ajichore mwenyewe, naye hakutaka kuingia kwa sura ya pacha wake.

"Mama, njoo utuamue!" Doto aliita.

Mama alitoka jikoni na unga mikononi. Akaitazama picha, akainamisha kichwa upande huu, kisha upande ule.

"Sijui."

"Mama! Si umetuzaa wewe?"

"Nimewazaa, lakini mkinyamaza mnanichanganya. Mkicheka ndipo nawajua. Wewe Kulwa mdomo wako hukimbilia upande mmoja."

Kulwa akajigusa mdomo. "Upande gani?"

"Cheka uone." Mama akarudi kwenye chapati zake.

Kulwa akaufuta mdomo wote mchoroni. Akasimamisha kioo mezani, kando ya ule uso uliobaki na macho tu na pua.

"Haya, Doto," alisema, kalamu mkononi. "Nichekeshe."