Taa za Mshazari

"Zile pale! Tatu, mshazari!" Pudensiana aliwasha tochi ya simu, akaielekeza ziwani, akawa anaiziba kwa kiganja na kuiachia.

Mumewe alitoka jana kuvua dagaa. Upepo ukachafuka, na wenzake wote wa Ikola wamesharudi ila yeye. Leo hakuna aliyethubutu kuingia majini. Ila kila mvuvi ana namna yake ya kupanga taa za kuvutia dagaa mtumbwini, na mumewe huzipanga hivyo hivyo, mshazari, kama kazipanga amelewa.

"Wifi, hizo ni nyota," alisema dada wa mume, aliyekuwa akimtania tangu jua lizame. "Kila siku zinashukia palepale. Utaikonyeza mbingu mpaka saa ngapi?"

"Nyamaza. Taa za mume wangu nisizijue?"

"Mimi nimekua naye. Wewe umemkuta na ndevu."

Pudensiana akacheka bila kutaka. Kiganja hakikutulia. Magamba ya dagaa yaliyomkaukia vidoleni yalimetameta kila kilipopita kwenye mwanga.

Mara taa ya chini kabisa ikagusa maji, ikatetemeka, ikazimika.

Kiganja kikasimama.

Ya pili ikashuka taratibu, ikafifia, nayo ikapotea. Ikabaki moja.

Akamshika wifi yake mkono, akaubana mpaka kucha zikazama.

"Wifi, sema tena. Si umesema ni nyota?"

Wifi hakumtazama. Alikuwa ameikodolea macho ile moja iliyobaki.

"Si useme basi!"