Salamu za Fundi Saa

Wimbo namba nne ulipita redioni, na fundi saa hakutajwa.

Wageni waliendelea kucheza. Mjomba, ambaye mwaka mzima hulalamikia goti, alikuwa katikati ya sebule akikata kiuno kana kwamba goti ni la mtu mwingine. Mama peke yake ndiye hakuinuka. Alikaa ubavuni mwa redio, chakula kikimpoea mapajani.

Miaka saba ilikuwa imepita tangu mwanawe, fundi saa, atoke nyumbani kwa hasira na kupotea. Hakupiga simu, hakuandika. Ila kila mwaka, siku redio ilipohesabu nyimbo hamsini bora, mtangazaji alisoma salamu: "Fundi saa anamsalimu mama yake, anasema hajambo." Ndipo Mama akaanza kualika majirani. Furaha ile ilimzidi mtu mmoja.

Kwa salamu hizo hizo alikataa kuhama. Paa lilikuwa limebonyea, ukuta wa chumbani umepasuka, na binti yake muuguzi alikuwa amemwandalia chumba kwake.

"Nikihama atanikuta wapi?" aliuliza Mama, na mazungumzo yakaishia hapo.

Namba tatu. Namba mbili. Matangazo ya sabuni.

"Labda mwaka huu kazi zimembana, Mama," alisema binti, akipanga glasi zilizokwisha kupangwa.

"Hajawahi kukosa."

"Na akikosa?"

Mama alimtazama. "Basi amekufa. Kesho utanifungia mizigo."

Binti aliingia jikoni, akashika ukingo wa sinki. Si ndicho alichokuwa akikitaka, mizigo ifungwe? Lakini nafsi ilimsuta.

Sebuleni, namba moja ilitajwa. Watu wakapiga vigelegele, Mjomba akadai alijua tangu asubuhi.

"Kabla hatujaupiga," alisema mtangazaji, "kuna ujumbe umeingia sasa hivi. Fundi saa anamsalimu mama yake. Yuko njiani kurudi nyumbani."

Kelele zilitikisa lile paa bovu. Jirani mmoja alimkumbatia Mama, mwingine akamwaga soda. Binti alisimama mlangoni pa jikoni, hawezi kwenda mbele wala nyuma.

"Nyamazeni!" Mama aliinua mkono. "Bado anasoma."

"Na hapa chini ameongeza," mtangazaji alisema. "Dada, asante kwa kumsalimia mama kwa jina langu miaka yote hii. Nilikuwa nasikiliza."