Beki Aliyevuliwa Viatu

Beki wa kwanza Polycarpe alimkataa kabla hajagusa mpira.

Alimtazama akipasha misuli, kisha akamwambia rais wa klabu kwamba kijana yule anakimbia kama mtu aliyebeba trei ya glasi. Rais, Monsieur Verhaegen, alicheka mpaka mwavuli ukamtikisika. Ndiyo kazi aliyomleta Polycarpe kuifanya pale Evere, Jumamosi ile ya mvua: kuwapima mabeki watatu na kumchagua mmoja.

Ulimi wa Polycarpe ulijulikana Brussels nzima. Zamani alikuwa beki wa kati, kwanza Bukavu, halafu Kinshasa, halafu hapa Ubelgiji hadi goti lilipomsaliti. Sasa aliitafutia wachezaji klabu hiyo ya daraja la pili. Huko Matonge, mtaa wa Wakongo, watu walisema ukimsikia Polycarpe anakusifu, ujue umeshakufa na yeye anahutubia mazishini.

Beki wa pili aliitwa Rigobert, kijana mrefu ajabu. Krosi zilimpita juu ya kichwa kama ndege zinazokwenda kutua Zaventem, naye akizisindikiza kwa macho.

"Mungu alimpa urefu," alisema Polycarpe, "akasahau kumwambia ni wa nini."

Rais hakucheka sana safari hii. Msimu uliopita walinusurika kushuka daraja siku ya mwisho, na alikuwa amekwisha kumwonya Polycarpe kwamba wakishuka mwaka huu, wa kwanza kufukuzwa ni yeye.

Ndipo akaingia wa tatu, Karimu, Mrundi wa Bujumbura, aliyekimbia vita pamoja na dada yake Rukiya. Karimu hakuwa na papara. Alijua mpira unakokwenda kabla ya aliyeupiga. Winga mmoja mwenye maringo alijaribu kumpita kulia, akajaribu kushoto, mwishowe akaupiga mpira nje mwenyewe kwa hasira. Watazamaji wachache walishangilia. Rukiya, aliyesimama kwenye uzio na mwavuli wake, hakupiga makofi.

"Huyo," alisema rais. "Tumempata."

"Huyo ndiye mbovu kuliko wote," alijibu Polycarpe.

Rais alidhani ni mzaha mwingine. Lakini Polycarpe alikwisha kuvuka bango la matangazo la pembeni, akachechemea hadi katikati ya uwanja huku akimpungia mwamuzi asimamishe mchezo. Wachezaji wakakusanyika. Wengi wao walikuwa Wakongo, na Polycarpe alisema kwa Kiswahili, kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu.

"Ni nani alikudanganya kama wewe uko beki?"

Karimu alitabasamu kidogo. Polycarpe alikuwa mtu ambaye picha yake Karimu aliikata gazetini akiwa mtoto, akaibandika juu ya kitanda chake Bujumbura. Kila mtu kikosini alikwisha kuisikia habari hiyo, maana tangu asubuhi Karimu hakuchoka kuisimulia.

"Papa Polycarpe, unionyeshe fasi nimekosea. Nitarekebisha."

"Hii haiwezi kurekebishwa. Uko unacheza mupira ya barabarani. Bon, utaenda Liège, utaenda Anvers, fasi yote watakucheka. Mimi nimeona mabeki pendant vingt ans, miaka makumi mbili. Wewe hauko kitu. Vua viatu."

Karimu aliwatazama wenzake mmoja mmoja, kama anayetafuta wa kumwambia kwamba ni utani. Wote walitazama chini. Basi akakaa kwenye matope, akafungua kamba, akavikabidhi viatu vyake vya mpira. Alitoka uwanjani na soksi. Nyuma yake wachezaji walimzomea Polycarpe, na mmoja akatema mate karibu na mguu wake.

Rais alimpokea Polycarpe akiwa amewiva uso. Alimuuliza kama amerukwa na akili, au ni wivu wa mzee aliyevunjika goti. Polycarpe hakujitetea. Alisema kama ni lazima kuchukua mtu, wamchukue yule mrefu.

"Na tukishuka daraja?"

"Tukishuka, nitaondoka."

"Utaondoka mapema zaidi," alisema rais, akamwachia mvua.

Polycarpe alikwenda kusimama kituo cha basi, viatu vya Karimu vikiwa kwapani. Kupitia dirisha la chumba cha kubadilishia nguo wachezaji walimwona Rukiya akitoka nje. Alikuwa amemwacha kaka yake amekaa akiukabili ukuta, hataki kusema na mtu. Rukiya hakuwa na mwavuli tena. Alivuka barabara moja kwa moja kuelekea kituoni, na aliyemwona uso wake aliwaambia wenzake wamwache ampige kofi, mzee yule amelitafuta. Hakuna aliyetoka kumzuia.

Polycarpe alimwona akija, akainamisha kichwa.

"Analia?" aliuliza.

"Analia. Amesema hatagusa tena mupira mpaka atakufa."

Polycarpe alimnyooshea viatu. Rukiya hakuvichukua. Aliushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili, akauinamia.

"Aksanti, papa. Docteur wa hospitali ya Jette alimuambia na kumuambia kama moyo yake iko mugonjwa, itasimama katikati ya uwanja, akakatala kusikia. Nilikuomba juu nilijua wewe atakusikia."