Mbuzi ya Bi Mize

Mwaka mmoja baada ya mwimbaji Salha kufariki, fundi Shomari alianza kuandaa albamu ya nyimbo zake za mwanzo, zile alizojirekodia mwenyewe nyumbani kabla hajajulikana. Alipofika mahali pa kumtatiza, alimwita mama wa marehemu, Bi Mize, aje studio asikilize.

"Nyuma ya sauti kuna kelele, mama. Lakini usijali, nitaiondoa."

Bi Mize alitega sikio. Kwaru, kwaru, kwaru. Akaona haya. Ilikuwa mbuzi yake ya kukunia nazi. Salha alikuwa akiimba chumbani, naye yuko uani anatengeneza tui.

"Iondoe, baba. Maskini mwanangu, kumbe nilikuwa namharibia."

Shomari akabonyeza. Sauti ya Salha ikabaki safi, peke yake, lakini wimbo ukayumba kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Shomari akakunja uso, akairudisha ile kelele. Wimbo ukasimama imara tena.

Katikati ya ubeti mbuzi ikanyamaza. Salha naye akanyamaza.

"Mama!" akaita kutoka kwenye kanda. "Mbona umeacha?"

"Nazi imekwisha," Bi Mize wa siku zile akajibu kwa mbali.

"Vunja nyingine basi. Mimi sijamaliza."

Kanda ikaendelea kuzunguka kimya. Shomari aligeuka. Bi Mize alikuwa ameinama kitini, viganja vyake viwili vimekunjika mbele yake, kama vimeshika kizio cha nazi.